Kupanda Kilimanjaro kwa Njia ya Marangu: Mwongozo Kamili wa Kibali, Masharti ya Hifadhi na Safari ya Siku Sita

Mtu anayeamua kupanda Mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza huanza kwa kuuliza bei, kisha huuliza nguo, na masharti ya hifadhi hukutana nayo mwishoni kabisa, akiwa ameshafika getini na begi lake liko kwenye mzani. Mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Masharti ndiyo yanayoamua utapanda na nani, utabeba nini, utalala wapi na utakaa mlimani siku ngapi, na idadi ya siku ndiyo inayopandisha au kushusha bei. Mwongozo huu unafuata njia ya Marangu, kwa kuwa ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala vyenye vitanda na magodoro, na pia ndiyo inayofikika kwa urahisi kwa usafiri wa kawaida kutoka Moshi mjini hadi Marangu Mtoni, na kutoka hapo kupanda kidogo hadi getini.

Kibali, kampuni na malipo

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo wenyeji huiita KINAPA, iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Zamani mpaka wa hifadhi ulianzia juu ya msitu. Mwaka 2005 msitu nao uliingizwa ndani, na ndiyo maana wazee wa Marangu bado huzungumzia "nusu maili", yaani ule ukanda wa msitu walikokuwa wakiruhusiwa kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni. Kwa mgeni maana yake ni moja: masharti yote yanaanza getini, kwenye mti wa kwanza wa msitu, wala si huko juu kwenye baridi.

Sharti la kwanza ni kwamba hakuna anayepanda peke yake. Ni lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni ya hifadhi, na mwongozaji huyo huja kupitia kampuni yenye leseni ya biashara ya utalii. Kampuni ndiyo inayoingiza majina yenu kwenye mfumo wa TANAPA, ikaweka nafasi za vibanda kwa kila usiku, kisha ikapata kumbukumbu namba ya malipo ambayo hulipwa benki au kwa simu. Fedha taslimu hazipokelewi getini, kwa hiyo kampuni inayokuambia kuwa mtamalizana na askari asubuhi ya safari haikufai. Omba uone stakabadhi ya malipo yenye majina ya kikundi chenu siku moja au mbili kabla ya kuondoka. Nafasi za vibanda zina kikomo, na karibu na tarehe 9 Desemba, ambapo makundi hupanda kuadhimisha Uhuru, huwa zinajaa mapema.

Ada za hifadhi zimegawanyika katika sehemu kadhaa: ada ya uhifadhi kwa kila siku, ada ya kibanda kwa kila usiku, ada ya uokoaji inayolipwa mara moja kwa safari nzima, na ada ndogo ya kuwaingiza wahudumu. Raia wa nchi za Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni anayelipa kwa dola, lakini ni lazima uraia huo uthibitishwe getini kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti. Picha ya kitambulisho kwenye simu imewahi kuharibia safari watu wengi. Mtoto achukuliwe na cheti chake cha kuzaliwa.

Hapa kuna jambo ambalo wapandaji wengi wa nyumbani hawalihesabu vizuri. Kwa mgeni kutoka Ulaya ada za hifadhi ni sehemu kubwa ya gharama yake, lakini kwa Mtanzania ada ni ndogo, na fedha nyingi zinakwenda kwenye mishahara ya wahudumu, chakula na usafiri. Kwa hiyo bei ya nyumbani inapokuwa ya chini kupita kiasi, punguzo hilo haliwezi kuwa limetoka kwenye ada ya serikali ambayo haipunguziki. Limetoka mifukoni mwa wagumu, ambalo ndilo jina wapagazi wa Kilimanjaro wanalojiita, au kwenye siku moja iliyokatwa. Muulize mwenye kampuni waziwazi: wagumu watakuwa wangapi, watalipwa kiasi gani kwa siku, watakula mara ngapi, watalala wapi. Anayejibu kwa tarakimu anafaa. Anayejibu "usijali, dada" mwache.

Siku tano au siku sita

Njia ya Marangu huuzwa kwa siku tano au sita. Katika ratiba ya siku tano unalala kituo cha vibanda cha Mandara usiku mmoja, kile cha Horombo usiku mmoja, kisha unakwenda kituo cha mwisho, Kibo, na usiku huohuo unaanza kupanda kileleni, unarudi kulala Horombo na siku inayofuata unashuka getini. Ratiba ya siku sita inaongeza usiku wa pili Horombo wakati wa kupanda, na siku hiyo ya katikati hutumika kutembea hadi Miamba ya Pundamilia, iliyo karibu na mita 4,000, kisha kurudi kulala chini.

Chukua siku sita. Sifa mbaya ya Marangu, kwamba watu wengi hawafiki kileleni, haitokani na ugumu wa njia, maana mteremko wake ni wa taratibu kuliko njia nyingine. Inatokana na haraka. Katika siku tatu tu mtu anatoka mita 1,900 hivi za getini hadi mita 4,700 za Kibo, na mwili hauna muda wa kuzoea hewa nyepesi. Kileleni, kwenye mita 5,895, kila pumzi inaingiza takribani nusu tu ya oksijeni ambayo ingeingia ukiwa Bagamoyo ufukweni. Usiku ule mmoja wa ziada Horombo unafanya kazi kuliko mazoezi ya miezi miwili ya kukimbia.

Kuhusu majira, vipindi vinavyofaa ni Januari hadi kabla ya masika kuanza katikati ya Machi, na Juni hadi Oktoba. Masika msituni ni matope na ukungu, ingawa mwenye paa la kibanda huteseka kidogo kuliko mwenye hema.

Nani asipande, au aanze kwa daktari

Umri wa chini wa kupanda hadi kileleni ni miaka 10. Kwa watoto wadogo na kwa wazee wasiotaka kilele kuna safari ya siku moja kutoka getini hadi Mandara na kurudi, na hiyo pia huhitaji mwongozaji na malipo ya ada ya siku. Kwa familia nyingi naona hiyo ndiyo safari bora zaidi: msitu, mbega weupe juu ya miti, maporomoko madogo ya maji, na robo saa kutoka Mandara kuna kreta ya Maundi ambayo siku isiyo na mawingu inakuonyesha vilele vya Kibo na Mawenzi kwa pamoja.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, pumu, selimundu au mimba amwone daktari kabla ya kulipa chochote. Mwenye mafua makali au kifua kinachokoroma aahirishe. Dawa ya asetazolamidi, ambayo watu wengi hutumia kusaidia mwili kuzoea mwinuko, isinunuliwe kiholela duka la dawa Moshi jioni ya kuamkia safari. Ichukuliwe kwa maelekezo ya daktari mapema, ili madhara yake, kama ganzi ya vidole na kukojoa mara kwa mara, uyajue ukiwa bado nyumbani.

Mzigo: kilo, plastiki na moto

Mzigo ambao mgumu anawabebea wageni na kampuni hauruhusiwi kuzidi kilo 20, na unapimwa kwenye mzani getini. Kwa hiyo kampuni nyingi humpa kila mgeni kilo 15 hivi, na zinazobaki ni za vyakula na vyombo. Unachobeba mwenyewe mgongoni ni begi dogo lenye maji, koti la mvua, sweta, vitafunio na dawa zako.

Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kupita geti. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, na mlimani sharti hilo linafuatiliwa kwa ukali kuliko sokoni. Nunua chupa ngumu mbili za lita moja, moja iwe ya kuhimili maji ya moto, kwa kuwa usiku wa kileleni maji ya baridi huganda na chupa ya maji ya moto hukaa ndani ya mfuko wa kulalia kama mkaa.

Nguo si lazima ziwe mpya. Soko la mitumba la Memorial mjini Moshi lina makoti mazito, suruali za kuzuia upepo na soksi za sufu kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, na vitu vizito kama mfuko wa kulalia, magongo ya kutembelea na glavu kubwa hukodishwa mjini au hapohapo getini. Usikodi viatu. Viatu viwe vyako, vimevaliwa wiki kadhaa, na viwe vikubwa kidogo ili wakati wa kushuka vidole visigonge mbele. Tochi ya kichwani ichukuliwe na betri za akiba. Tochi ya simu haifai, maana baridi inaimaliza chaji na mkono mmoja unakuwa na kazi ya kushika simu badala ya gongo.

Kuwasha moto wa kuni ni marufuku mahali popote mlimani, na wapishi hutumia gesi. Sharti hili lina historia ya karibu sana. Oktoba 2020 moto ulizuka kwenye eneo la vichaka juu ya Mandara, ukawaka siku nyingi na kuteketeza karibu kilomita za mraba 95 za uoto, huku mamia ya watu, wakiwemo askari, wanafunzi na wanavijiji, wakipanda kuuzima kwa matawi na majembe. Oktoba 2022 mlima uliwaka tena upande wa kusini, kwenye maeneo ya Karanga. Vichaka vya mwinuko ule vinapokauka vinashika kama petroli, kwa hiyo anayevuta sigara njiani na kutupa kichungi anacheza na mlima mzima.

Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi bila kibali maalumu, na kibali hicho hakipatikani getini asubuhi. Iache nyumbani.

Getini

Fika mapema, kabla ya saa nne asubuhi ikiwezekana, kwa sababu kujiandikisha, kupima mizigo na kukagua majina ya wahudumu kunaweza kuchukua saa mbili. Kwenye daftari utaandika jina, umri, uraia, kazi yako na jina la kampuni, kisha utaweka sahihi. Utafanya hivyo tena kila kituo utakacholala. Watu huliona jambo hili kama urasimu, lakini daftari hilo ndilo linalowaambia askari ni nani alilala Horombo jana na hajaonekana Kibo leo.

Wakati mizigo inapimwa, tembea kidogo uone mabamba ya kumbukumbu yaliyopo hapo. Mjerumani Hans Meyer alifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, na simulizi za Marangu zinamweka Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa huko, miongoni mwa waliomwongoza. Tangu hapo kazi ya kuongoza imerithiwa katika koo za Marangu kama shamba la kihamba.

Kutoka msituni hadi Kibo

Siku ya kwanza ni saa tatu hadi tano za kutembea msituni hadi Mandara, mita 2,700 na kidogo. Wagumu watakupita mbio na mizigo yao. Wape njia kwa kusogea upande wa mlima, usisimame ukingoni. Usitoke kwenye njia iliyochongwa hata kama kuna mkato unaoonekana, kwa kuwa maji ya mvua hufuata mkato huo na msimu unaofuata unakuwa korongo. Usiwape kima chakula, wala usiache begi wazi.

Siku ya pili unatoka msituni na kuingia kwenye vichaka, kilomita 11 hivi hadi Horombo, mita 3,720. Mandara na Horombo yote ni majina ya mamangi, yaani watawala wa zamani, wa Uchagga, na inafaa mtu ajue amelala kwa nani. Horombo ni kijiji: watu wanaopanda wenye hofu, wanaoshuka wenye midomo iliyopasuka, kunguru wenye shingo nyeupe wanaofungua zipu za mabegi, na tangu Agosti 2022 kuna hata intaneti ya kasi iliyofikishwa na shirika la simu la TTCL. Tumia vyoo vya kituo, usijisaidie nyuma ya miamba, kwa sababu vijito vinavyopita hapo ndivyo vinavyochotwa maji ya kunywa. Maji yote yachemshwe au yatiwe dawa.

Kando ya Horombo ndipo utakapoiona ile mimea mirefu ya senesio, yenye kichwa cha majani juu ya shina nene lililovaa majani makavu. Usiyabandue majani hayo kwa ajili ya picha. Ndiyo blanketi lake dhidi ya baridi ya usiku, na mmea huo hukua taratibu mno kiasi kwamba uliokupita kimo unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko bibi yako. Mawe, maua na mifupa havichukuliwi. Hilo ni kosa la kisheria.

Siku ya nne, baada ya siku ya kuzoea, unapita mahali penye maji ya mwisho. Juu ya hapo hakuna kijito, na Kibo maji hubebwa na wagumu kutoka chini, kwa hiyo usioge wala usimwage ovyo. Uwanda kati ya Mawenzi na Kibo ni jangwa lililo tambarare na lenye upepo, na hapo ndipo neno "pole pole" linapoacha kuwa la kwenye fulana. Kipimo chake ni kwamba unapaswa kuweza kuzungumza sentensi nzima ukitembea; ukishindwa, umekwenda haraka. Ukifika Kibo kula hata kama hutaki, uji au supu, panga nguo zako za usiku kwa mpangilio wa kuzivaa, kisha lala jioni hiyohiyo.

Usiku wa kileleni

Safari huanza karibu na saa sita usiku, kwanza kwa sababu changarawe ya mteremko huwa imeganda na haiteremki chini ya mguu, na pili ili ushuke kabla ya mawingu ya mchana. Joto linaweza kushuka nyuzi 10 na zaidi chini ya sifuri. Kutoka Kibo hadi Gilman, kwenye ukingo wa kreta juu kidogo ya mita 5,680, ni saa tano hadi sita za kupanda kwa kuzungukazunguka, na ndipo wengi hukata tamaa wakiwa wamebakiza nusu saa. Kutoka hapo hadi Uhuru, kilele chenyewe, kuna saa moja na nusu hadi mbili ukifuata ukingo, ukipita mahali paitwapo Stella. Kaa Uhuru dakika chache tu. Dakika 15 za picha zinatosha.

Amri ya mwongozaji ni ya mwisho. Akikuambia ushuke, hakuna kura ya kikundi, hakuna "nimetumia fedha nyingi". Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya kula na kulala vibaya ni kawaida, na ukiwa na dalili hizo usipande zaidi mpaka zipungue. Lakini mtu anayeyumba kama mlevi, anayesema mambo yasiyoeleweka, anayekohoa povu au anayehema hata akiwa ameketi, ubongo au mapafu yake yameanza kujaa maji, na dawa yake ni kushushwa wakati huohuo, usiku au mchana, mvua au jua. Kutoka Kibo mgonjwa hushushwa kwa machela ya tairi moja inayosukumwa na vijana kadhaa, na hiyo ndiyo huduma ambayo ada yako ya uokoaji ililipia. Usifiche dalili kwa aibu. Jambo la hatari zaidi katika vikundi vya marafiki na wafanyakazi wa ofisi moja ni kwamba kila mtu anasema yuko sawa, kwa sababu bosi naye amesema yuko sawa.

Kushuka na kufunga safari

Baada ya kilele unapumzika Kibo saa moja hivi, kisha unashuka hadi Horombo kulala, na kesho yake unatembea hadi getini. Magoti huumia siku hii kuliko siku zote. Fupisha hatua na utumie magongo.

Takataka zote za kikundi hushushwa na kupimwa, na uzito usiolingana na mzigo ulioingia unamweka mwongozaji matatani hata kama aliyetupa ni wewe. Kwa hiyo maganda ya peremende, vifungashio vya dawa na karatasi za chooni ziweke kwenye mfuko wako wa nguo na uzikabidhi kituoni. Getini utaweka sahihi ya kutoka, kisha aliyefika Gilman, Stella au Uhuru atapewa cheti chenye jina la mahali alipofika na saa yake.

Bakshishi hutolewa hapohapo, mbele ya timu nzima. Mkabidhi kila mtu yake mkononi, au soma orodha ya majina na viwango kwa sauti kabla ya kumpa mwongozaji bahasha, ili mgumu aliyebeba godoro la mpishi ajue kuwa ya kwake ipo na ni kiasi gani.